Noah imeingia maji Katubuka, bima wanasema injini hawalipi kwa sababu nilipiga stata. Nisaini au nisisaini?

mwana_ujiji

Wakuu habari za muda huu. Nina jambo limenikaba, naomba mawazo hasa ya waliowahi kudai bima kubwa, ile inayolinda hata gari lako mwenyewe, na mafundi mliomo humu.

Nina Noah ya 2003, ile ya injini ya D4. Alhamisi ya wiki iliyopita tulikuwa na msiba kwa shemeji yangu Katubuka, hapa Kigoma, nikapaki gari nje ya uzio nikalala hukohuko. Mvua ikaanza kama saa nne usiku ikapiga mpaka alfajiri, na wenyeji mnajua pale bwawa likijaa halina pa kwenda, maji yanarudi kwa watu. Saa kumi na moja naamshwa na watoto, baba mkubwa gari linaogelea. Natoka nakuta maji yamefika pale dereva anapokalia, ndala zangu zinaelea ndani na tasbihi ya marehemu mama niliyoiweka kwenye mlango sijaiona mpaka leo. Tulisubiri mpaka saa nane mchana maji yakapungua ndo tukalisukuma watu kama kumi na mbili hadi barabarani.

Sasa kosa langu nalisema wazi. Kulikuwa na kijana anajifanya fundi, akasema mzee piga stata tusikie kama iko hai. Nikapiga, ikafanya KO mara moja ikanyamaza. Akasema rudia. Nikarudia, ikagoma kabisa.

Bima yangu ni kubwa, nilikatia kwa wakala pale Mwanga, thamani ya gari tuliandika milioni 10. Siku hiyohiyo nikapiga simu, nikajaza fomu ya madai, nikaambatanisha ripoti ya polisi na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Asesa, yule mkaguzi wa hasara wa bima, akaja baada ya siku tano, akazunguka gari dakika kama kumi, akapiga picha, akaniuliza "uliwasha?" nikamwambia nilijaribu mara mbili. Akaandika. Hata boneti nilifungua mimi.

Jana wakala ananipigia anasema kampuni imekubali kulipa kuosha ndani, kapeti na beringi za miguu, jumla laki tisa, ukitoa eksesi, ile sehemu anayobeba mteja mwenyewe, laki mbili na nusu inabaki laki sita na nusu. Injini hawahusiki kwa sababu mteja aliwasha gari baada ya mafuriko. Na nikienda kusaini karatasi leo au kesho hela inatoka wiki hii.

Laki sita na nusu kwa gari ambalo haliwaki. Nisaini nichukue au nibishe? Na gari nilifungulie hapa Kigoma au nitafute lori nilipeleke Dar?

FundiGungu

Pole sana mkuu. Usisaini kwanza. Halafu nijibu haya matatu haraka: tamino ya betri umeshachomoa? Dipstiki umeshaivuta ukaangalia rangi ya oili? Gari limesukumwa tu au kuna mtu alilivuta kwa kamba likiwa kwenye gia?

Hiyo KO ndo inayotisha watu lakini mara nyingi sio msiba wanaoufikiria. Iko hivi, hewa inabanwa ila maji hayabanwi. Pistoni ikipanda ikakuta maji juu yake inagota kama umepiga ukuta. Kama injini ilikuwa inawaka na gari linakimbia, kwa mfano mtu amelazimisha kuvuka maji, ile nguvu yote inaenda kwenye konrodi, ile rodi inayoshika pistoni, inapinda au inavunjika na kutoboa bloku. Lakini wewe gari lilikuwa limezima usiku kucha, nguvu iliyotumika ni ya stata tu na betri yenyewe ilishalowa. Stata mara nyingi inagota inasimama, injini inabaki nzima. Sikuahidi, rodi inaweza kupinda hata kwa stata, ila usimzike mgonjwa kabla daktari hajamgusa.

Kujua ni kazi ya nusu saa wala haihitaji Dar. Toa plagi zote nne. Weka spana kwenye nati ya puli ya krenki, zungusha kwa mkono taratibu, maji yatatoka kwenye matundu ya plagi kama bomba lililopasuka, kaa pembeni usiweke uso. Yakiisha, chukua spoku ya baiskeli iliyonyooka, ingiza kwenye tundu la silinda ya kwanza, zungusha mpaka pistoni ifike juu kabisa, tia alama kwenye spoku usawa wa mdomo wa tundu. Fanya hivyo zote nne. Alama zikilingana, rodi zako zimenyooka. Silinda moja spoku ikizama zaidi kuliko kwa wenzake, rodi ya hiyo imepinda. Angalia tu spoku isidondokee ndani, ikunje kichwa. Mimi nimefanya hivi kwa gari za kule Kibirizi 2024 Ziwa Tanganyika lilivyopanda, karibu zote zilizolala zimepaki injini zilipona, zilizokufa ni za waliojaribu kupita.

Kinachoniumiza kichwa kwako sio injini. Nitarudi jioni niandike, nina mteja.

Dogo Kibirizi

Mzee osha, pulizia pafyumu, peleka Kasulu uza asubuhi na mapema 😂😂

mama_mawese

@Dogo Kibirizi nyie ndo mlioniuzia Probox. Nilinunua 2024 kwa bei ya kutupa nikajiona mjanja, napakia madumu ya mawese kutoka Mwandiga, wiki ya kwanza safi, wiki ya pili nikifunga vioo natoka machozi. Harufu kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Fundi alinionyesha kitu kimoja tu, akaushika mkanda wa kiti cha nyuma akauvuta mpaka mwisho kabisa pale usipofikaga, akakuta mstari wa tope umekauka umenyooka kama umechorwa kwa rula. Kiti kimeoshwa, kapeti jipya, mkanda hakuna aliyeukumbuka. Tangu hapo mtu akiniambia twende ukanisaidie kuangalia gari naanza na mkanda.

Kaka mwana_ujiji pole na msiba. Usije ukamuuzia mwenzio bila kumwambia.

AliyekaaKaunta

Habari ndugu. Nilikaa kaunta ya madai miaka sita, Shinyanga kisha Tabora, sasa nalima tumbaku Urambo na presha imeshuka. Ngoja nikwambie wanavyofikiria upande wa pili wa dirisha.

Kwanza kabisa wameshakubali kulipa kapeti. Maana yake wameshakubali kwamba mafuriko yamo kwenye bima yako. Hilo sio dogo, kuna bima kubwa nyingi ambazo mafuriko ni nyongeza, usipoilipia hamna kitu, na mwenye bima ndogo ndo kabisa hapati hata shilingi maana ile inamlinda mtu wa tatu utakayemgonga. Kwa hiyo wewe ugomvi wako ni mdogo kuliko unavyodhani, ni injini tu na vile asesa hakuviona.

Pili hiyo sababu yao. Polisi nyingi zina sharti kwamba gari likiharibika wewe mwenye mali unatakiwa ulitunze lisiharibike zaidi, na ukiliendesha bila kutengeneza, uharibifu wa nyongeza ni wako. Hawajaitunga. Ila lazima waonyeshe kwamba injini imeharibika kwa stata na sio kwa maji yaliyoingia wewe umelala. Mtu aliyezunguka gari dakika kumi bila kutoa plagi hata moja anajuaje? Hajui. Amekuuliza swali, ukamjibu kwa uaminifu, wakaona hapohapo pa kutokea.

Fanya hivi. Waandikie barua, na nakala kwa imeili, waambie unaomba sababu ya kukataa injini kwa maandishi wakitaja kifungu cha polisi, unaomba nakala ya ripoti ya asesa, na unaomba ukaguzi wa pili gari likifunguliwa. Simu ya wakala sio jibu. Wakala ni mtu mzuri anauza, lakini siku ya ugomvi hana sahihi.

Na fundi hapo juu anasema utoe plagi leo. Mimi nilipokuwa kaunta, mteja akija na injini imeshafunguliwa tulikuwa tunasema ushahidi umeharibiwa, kesi imeisha. Kwa hiyo usifungue chochote kabla hawajakujibu.

FundiGungu

Hapo sikubaliani na mzee wa kaunta kwa heshima zote. Akisubiri barua ijibiwe ni wiki mbili, na maji yakikaa kwenye silinda wiki mbili ringi zinashika kutu zinagandana na ukuta, injini iliyokuwa nzima inakufa kwa kusubiri. Halafu watasema tena hukulitunza.

AliyekaaKaunta

Fundi una hoja. Basi tugawane. Atume ujumbe leo kwa kampuni na kwa wakala, WhatsApp na imeili, "kesho saa nne asubuhi natoa plagi na kumwaga oili ili kuzuia hasara isiongezeke, mnakaribishwa kutuma mtu." Wasipokuja sio kosa lake. Achukue video mwanzo mwisho bila kukata, ianze kwenye namba ya gari. Plagi zile zile aziweke kwenye mfuko, oili itakayotoka ajaze chupa aandike tarehe. Aishie hapo. Silinda hedi asiiguse.

FundiGungu

Hapo tumeelewana mzee.

Sasa niseme lile la mchana. Maji yakifika kwenye kiti, injini ndo kila mtu anaiangalia kwa sababu haiwaki, lakini vya hela vimelala chini ya kapeti. Box linaloongoza eyabegi kwenye gari nyingi liko chini katikati sakafuni, hilo lilikunywa maji masaa kumi. Mikanda ya mbele ina kile kifaa cha kuivuta gari likigonga, kipo chini ya nguzo ya mlango, nacho kilizama. Soketi za wayaringi zinapita pembeni ya kizingiti cha mlango chini ya plastiki, pale maji yanabaki hata gari likianikwa mwezi. Ukizichomoa baada ya wiki moja unakuta pini zina unga wa kijani. Huo unga ndo unaofanya gari liwe na mashetani baadaye. Kompyuta ya injini kwenye Toyota nyingi iko nyuma ya kiboksi cha dashibodi upande wa abiria, kwa kimo ulichosema inaweza kuwa imepona, lakini waya zake zinashuka chini.

Halafu giaboksi. Noah yako ni otomatiki, giaboksi ina tundu la kupumulia, maji yanapenya. Haidroliki yake ni nyekundu, ikichanganyika na maji inakuwa pinki kama yogati. Ukiona pinki usiwashe gari kabisa hata kama injini ni nzima, kwa sababu zile klachi za ndani zina kitu kama karatasi kilichogandishwa kwa gundi, zikinywa maji zinabanduka. Mtu anatengeneza injini kwa furaha, anatembea kilomita mia mbili, gia zinaanza kuteleza, anasema fundi kaniroga.

Na kitu kingine, maji ya Katubuka sio ya ziwa. Ya ziwa angalau ni masafi, yale ni tope na vyoo vya mtaa mzima. Kapeti ing'olewe yote na ile sponji ya chini, usikaushe juu juu. Ukianika juani milango iwe wazi na sakafu iwe tupu.

Asesa ameandika kapeti na beringi. Giaboksi ameandika? Wayaringi? Mikanda?

mwana_ujiji

Asanteni sana wakuu, humu kuna watu. Tamino nimechomoa sasa hivi baada ya kusoma, nilikuwa sijachomoa, mnisamehe. Dipstiki ya injini oili inaonekana ya kawaida ila imepanda juu ya alama. Ya gia ni PINKI. Kabisa, kama alivyosema fundi.

Ripoti ya asesa sina, nilichonacho ni picha ya karatasi aliyonitumia wakala, imeandikwa kapeti, usafi, beringi nne, basi.

@AliyekaaKaunta uliposema polisi zina masharti nilishtuka nikajua ni wale wa kituoni, nikaanza kujiuliza OCD anahusikaje na stata yangu. Mke wangu ndo kaniambia unaongelea ile hati ya bima. Nimeitafuta, sijawahi kupewa. Nina stika na risiti tu.

Na kuna jambo jingine sikulisema mwanzoni kwa sababu sikujua kama linahusu. Bima niliandika matumizi binafsi. Lakini Jumamosi huwa nabeba dagaa kutoka Kibirizi kupeleka gulio Kasulu, zangu na za jirani ananichangia mafuta. Itakuwa tatizo?

AliyekaaKaunta

Ndugu yangu. Inaweza.

Binafsi ni binafsi, kubeba mzigo kwa malipo ni biashara na ina bei yake. Kampuni ikitaka kukukwamisha hapo pana mlango. Kinachokusaidia ni kwamba hasara imetokea gari limepaki msibani, halikuwa kazini, na mafuriko hayakuja kwa sababu ya dagaa. Ukiulizwa jibu ukweli kuhusu siku ile, lilikuwa limepaki msibani. Ukiulizwa kuhusu Jumamosi jibu ukweli pia, kwa sababu bima imesimama kwenye ukweli, ukikamatwa na uongo mmoja wanafuta yote hata yale ya haki. Na ukimaliza hili ukabadilishe matumizi kabla ya kubeba hata kilo moja.

Hati ya polisi idai kesho kwa barua hiyohiyo. Ni haki yako. Waulize wanakuambiaje umevunja sharti ambalo hawajawahi kukuonyesha. Na ingia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, mtandaoni uhakiki stika yako kama inasoma ni bima kubwa, kuna watu wamelipa kubwa wakakatiwa ndogo na hawajui mpaka siku ya ajali.

Sasa hiyo thamani ya milioni 10. Noah ya 2003 safi hapo Kigoma inauzwa ngapi leo?

mwana_ujiji

Kumi na nne, kumi na nne na nusu. Wakala alisema tuandike kumi ili nilipe kidogo.

AliyekaaKaunta

Nilijua. Ada ya bima kwa asilimia 3.5 ya milioni 10 ni laki tatu na nusu, weka VAT 18 inakuwa 413,000. Kwa milioni 14 ingekuwa 578,200. Umeokoa 165,200.

Sasa sikiliza uzuri wake. Kwenye polisi nyingine kuna kifungu cha bima pungufu. Kama gari ni la 14 umelikatia 10, wanasema wewe mwenyewe umejibebea sehemu ya hatari, kwa hiyo wanalipa kumi ya kumi na nne ya hasara. Matengenezo yakiwa milioni 2.8 wanalipa milioni 2, halafu ndo watoe eksesi. Sio polisi zote zina hicho kifungu, ndo maana nakwambia uipate uisome. Usikitaje wewe. Waache wakitaje wao na wakuonyeshe kilipoandikwa.

Na hiyo karatasi wanayotaka usaini inaitwa diskachi vocha. Soma mstari wa chini, utakuta imeandikwa kwamba umepokea malipo kamili na ya mwisho na hutadai tena chochote kutokana na tukio hili. Ukishatia sahihi pale, hata giaboksi ikimwagika barabarani kesho yake ni ya kwako.

ReliYaKati

Hapo kwenye vocha ndo nimeamua kuandika maana nilikuwa nasoma tu kimya kimya.

Mimi niko Tabora mjini. Gari yangu IST ilizama msimu wa juzi kwenye mtaro karibu na nyumbani, maji yalifika kwenye pedali tu hata kwenye kiti hayakufika. Bima wakalipa vizuri wala hawakusumbua, gereji waliyoichagua wao ikatengeneza kwa siku nane, gari likarudi linanukia limau. Nikasaini. Nikawasifia mpaka kwenye stetasi.

Miezi mitatu baadaye natoka Urambo usiku niko peke yangu, mvua hakuna, waipa zikaanza kupangusa zenyewe. Nikazima, hazizimi. Baada ya kama dakika tano kioo cha abiria kikashuka chenyewe taratibu mpaka chini, kwa taa za dashibodi nikaona kiti cha pembeni kitupu na kioo kinashuka, wakuu mimi ni mtu mzima lakini nilisoma dua zote ninazozijua na moja ya darasa la tatu. Asubuhi fundi umeme akang'oa plastiki ya kizingiti, soketi ina unga wa kijani kama alivyoandika FundiGungu, pini mbili zimeshikana. Taa ya eyabegi ikawaka wiki iliyofuata haijazimika mpaka leo. Nilivyorudi bima wakanitolea kopi ya vocha yangu, sahihi yangu nzuri kabisa, nilikuwa na furaha siku ile.

Kwa hiyo kaka fanya wanavyokwambia. Kama lazima usaini, gari likafanyiwe upimaji wa umeme kwanza, na omba gereji iandike waranti ya kazi yao hata miezi sita.

Dogo Kibirizi

Hiyo ya kioo kushuka ningeacha gari hapohapo Urambo ntembee 😂

Seriasi sasa mzee, wakikataa kabisa unakwenda wapi?

AliyekaaKaunta

Malalamiko ya maandishi kwa kampuni yenyewe kwanza, ngazi ya meneja, na utunze nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikausha, TIRA, wana ofisi za kanda huna haja ya kupanda treni mpaka Dar. Na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, huyo yupo kwa ajili ya watu wa kawaida kama sisi, hauhitaji wakili. Nilipokuwa kaunta, barua yenye nakala kwenda TIRA ilikuwa inapanda juu ya rundo siku hiyohiyo. Ile ya mteja anayepiga kelele dirishani ilikuwa inakaa chini.

mwana_ujiji

Wakuu nimerudi, ni siku ya 19 leo. Niwape mrejesho maana mmenisaidia kuliko ndugu zangu.

Nilituma ujumbe kama nilivyoelekezwa, hakuna aliyekuja, tukafungua na FundiGungu mwenyewe, kumbe tunasali msikiti mmoja na hatujuani. Plagi zilivyotoka akazungusha na spana, silinda ya pili na ya tatu zikatema maji ya rangi ya tope mpaka kwenye shati langu. Spoku akachomoa kwenye baiskeli ya mwanangu. Alama zote nne zimelingana. Oili ilivyomwagwa, chini kabisa ikatoka kama chai ya maziwa, nimejaza chupa mbili, moja ya injini moja ya gia. Tukaweka mafuta kidogo kwenye silinda, plagi za zamani ziko kwenye mfuko.

Yaani injini ni nzima. Wiki mbili nakosa usingizi kwa sababu ya injini, bima wanakataa kulipa injini, na injini haina shida.

Ila kapeti lilipong'olewa ndo nikaelewa. Box la eyabegi ukilitikisa linasikika maji. Mikanda ya mbele yote haivutiki. Soketi za upande wa dereva kijani tupu. Giaboksi lazima ifunguliwe.

Nikapeleka video na barua, kampuni ikatuma asesa mwingine, huyu alivua koti akalala chini ya gari saa nzima, ni mtu wa kazi. Ameandika giaboksi, wayaringi, box la eyabegi, mikanda na kapeti, jumla milioni tatu na nusu. Kuhusu kuwasha gari hawajalitaja tena. Dagaa aliniuliza, akasema tu "humu mmebeba nini jamani", nikamwambia ukweli wa Jumamosi, akaandika, akaniambia siku ile halikuwa kazini.

Sasa juzi ndo wanaleta barua, wanalipa milioni mbili na laki mbili na nusu. Nikauliza mbona, wakasema gari lina bima pungufu, kumi ya kumi na nne, halafu eksesi. Kwenye zile laki tisa za mwanzo hawakuitaja hiyo hesabu, nilivyobisha ndo wameikumbuka. Hati ya polisi wameniahidi wiki ijayo.

AliyekaaKaunta

Hesabu yao ni sahihi, 3.5 mara kumi gawa kumi na nne ni 2.5, toa laki mbili na nusu. Haki yao ya kuipiga ndo haijathibitika. Usisaini mpaka hati ifike na ukione hicho kifungu kwa macho yako. Kikiwepo, pokea, umetoka laki sita na nusu. Kisipokuwepo unadai hiyo milioni moja iliyokatwa, na barua ya TIRA nitakusaidia kuiandika. Na waulize kwa maandishi nani aliandika thamani ya kumi kwenye fomu, mwandiko ni wa nani.

mwana_ujiji

Mwandiko ni wa wakala. Mimi nilitia sahihi tu.

AliyekaaKaunta

Basi hiyo fomu ipige picha kabla ya hati kufika.

FundiGungu

Mkuu wakati unasubiri mimi naendelea kukausha wayaringi, soketi nimezipulizia kontakti klina zote za kushoto, bado kulia. Mikanda ya Noah ya mtumba usichukue bila kuniletea niivute mpaka mwisho, nimejifunza kwa mama_mawese. Na zile chupa mbili za oili zitoe kwa shemeji ukae nazo wewe.

mama_mawese

Hasa ile ya gia. Picha uliyoweka, mimi mwenyewe nilidhani mawese yameganda, watoto wataunga mboga.

mwana_ujiji

Naifuata sasa hivi.